Imeandikwa ajitwike, haikuandikwa atwikwe

Ndugu Mhariri,

Tumsifu Yesu Kristo, na kwa wasomaji wasio Wakatoliki habari zenu. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua huwa mnazikata zikiwa ndefu na hii ni ndefu, ila naomba msiikate katikati maana katikati ndo kuna mama yangu.

Wiki mbili zilizopita kuna msomaji aliandika humu kuhusu Kwaresima, akasema Wakristo wa siku hizi tumekuwa laini, mtu akiumwa kidogo anakimbilia dawa, mgonjwa wa kansa anapewa mofini badala ya kuunganisha mateso yake na ya Kristo, na kwamba hizo dawa kali ni namna ya kuukimbia msalaba. Niliisoma nikiwa kwenye daladala natoka Kimara naenda Kariakoo, nikashuka vituo viwili kabla maana niliona kabisa nitaanza kuongea peke yangu mle ndani watu wadhani nimechanganyikiwa. Huyo ndugu simjui na sina ugomvi nae. Ila maneno yake nayajua, yalishawahi kuingia nyumbani kwangu bila kuvua viatu.

Mama yangu alikuwa mtu wa Rombo, Kilimanjaro. Mkatoliki wa zile enzi za katekisimu ya maswali na majibu, rozari shingoni hata akienda kukata majani ya ng'ombe, Ijumaa hagusi nyama kabisa. Mwaka 2022 alianza kutoka damu wakati mambo ya kike yalishakoma miaka mingi, akanyamaza, aibu, amwambie nani? Mpaka harufu ilipomsaliti ndo tukajua, tukamleta Dar. Kansa ya shingo ya kizazi na ilishafika mbali. Akapigwa mionzi wiki kadhaa, tukarudi nyumbani tumeshukuru Mungu, tukatoa na shukrani kanisani, mwaka uliofuata ikarudi na safari hii imeingia kwenye mifupa ya kiuno. Daktari hakuzunguka. Alisema mama, kuponya hatuwezi tena, sasa hivi kazi yetu ni kutuliza.

Wanaouguza wanajua hiki ninachosema. Maumivu ya mifupa hayana adabu, hayaangalii kama saa hizi watu wanakula au wamelala. Mama alikuwa anauma upindo wa khanga usiku ili wajukuu wasisikie, asubuhi nafua nakuta khanga ina matundu ya meno.

Nesi wa huduma za majumbani akaleta mofini, ni dawa ya maji, iko kwenye kachupa, unapima kwa bomba la sindano lisilo na sindano unamdondoshea mgonjwa mdomoni kila baada ya masaa manne, na ya usiku inazidishwa ili alale. Akaacha na dawa ya kulainisha choo maana mofini inafunga tumbo balaa. Akanielekeza vizuri tu kwamba siku mbili tatu za mwanzo atasinzia sana na anaweza akatapika, baadae mwili unazoea. Siku hiyo hiyo shemeji kapiga simu kutoka Moshi, hajasalimia, "Eti unampa mama unga?" Kwa watu wetu mofini na unga ni kitu kimoja, ukianza kesho wewe ni teja. Sasa bibi wa miaka sabini na moja, mwenye kilo thelathini na nane, hawezi kufika chooni, awe teja aende kuiba betri za magari ya nani? Shemeji nilimalizana nae kwenye simu. Aliyenishinda ni mzee wetu wa jumuiya, zile familia za Wakatoliki wa mtaa mmoja zinazosali pamoja.

Jumuiya walikuja Jumamosi kumsalia mama. Walikuja na sabuni, sukari, mchele kilo tano, Mungu awabariki, sisi tulio mbali na ukoo jumuiya ndo ukoo wetu. Baada ya sala, mzee mmoja ambae wote tunamheshimu, mtu wa Misa ya asubuhi kila siku mvua ije isije, akainama akamshika mama mkono akamwambia kwa upole kabisa, "Mama, Bwana wetu pale Kalvari walimpa mvinyo iliyotiwa manemane, asiipokee. Marko kumi na tano." Hakuongeza kitu. Wakaaga, nikawasindikiza mpaka barabarani, kurudi nakuta mama kageukia ukutani. Saa ya dawa ikafika akafumba mdomo.

Siku kumi na tisa ndugu Mhariri. Nilikuwa naziwekea alama kwenye kalenda ya ukutani.

Nilibembeleza, nililia, nilimwita nesi, nesi akaongea mpaka akachoka. Mama jibu lake lilikuwa moja, "Niache mwanangu na mimi nifanane nae kidogo." Sasa hapo unajibu nini? Kama angekuwa anasema kwa ujinga ningebishana nae, ila alikuwa anasema kwa upendo, na mimi niliyefundishwa kusali na huyo huyo mama ndo nimwambie asimpende Yesu namna hiyo? Siku moja niliikoroga dawa kwenye mtori. Nikaubeba mpaka mlangoni, nikarudi nikaumwaga kwenye sinki, mtori mzuri wa nyama ya mbavu. Nilijisikia kama naenda kumuibia. Kwa Mungu nilikuwa siongei, nilikuwa nafikisha tu vitu kwa mdomo, Baba Yetu, Salamu Maria, huku moyoni nimenuna.

Paroko alikuwa safarini, kwa hiyo akaja padre mwingine kumpa Mpako wa Wagonjwa, padre mstaafu, mzee, anatembelea fimbo na alipanda ngazi zetu kwa kupumzika mara tatu. Akampaka mafuta kwenye paji na viganja, akampa Komunyo, tukasali. Baadae nampa chai akaiona ile khanga. Akauliza, nikamweleza yote, nadhani kwa hasira kidogo maana aliniangalia akatabasamu. Akarudi kitandani kwa mama akavuta stuli.

"Marko kumi na tano ni kweli mama. Na Yohane kumi na tisa anasemaje?"

Mama kimya.

"Yesu alisema naona kiu. Wakamletea siki. Aliipokea au hakuipokea?"

"Aliipokea baba."

"Haya. Njia ya Msalaba, kituo cha tano?"

Mama hiyo anaijua usingizini. "Simoni wa Kirene anamsaidia Yesu kuchukua msalaba."

"Yesu alimfukuza?"

"Hapana."

"Cha sita?"

"Veronika anapangusa uso wa Yesu."

"Alimwambia toa kitambaa chako, acha damu iniingie machoni?"

Mama akacheka. Sijui niwaelezeje, lilikuwa cheko la kupumua tu, halina sauti, ila nilikuwa sijalisikia tangu mwezi wa pili. Padre akasema, "Basi nesi ni Veronika, na huyu binti yako ni Simoni, tena Simoni alilazimishwa na askari, huyu hakulazimishwa na mtu. Usiwanyime kituo chao. Na usiogope mama, kunywa dawa, yatakayobaki yatakutosha kumtolea Mungu."

Usiku ule alikunywa.

Siku ya tatu, usingizi wa mwanzo ulipopungua, alisali rozari nzima. Nataka huyo ndugu aliyeandika barua asome hapa mara mbili. Kwenye zile siku kumi na tisa za kufanana na Yesu mama alikuwa hawezi kuvuka kumi la pili, anaanza Salamu Maria anaishia kati, maumivu yanameza maneno. Alikuwa hasali, hatuulizi tumekula nini, hajui leo siku gani, jina la mjukuu anakosea. Yale maumivu hayakuwa yanampeleka kwa Mungu wala kwa mtu yeyote, yalikuwa yamemfungia ndani na funguo yameondoka nayo. Dawa ilipoingia ndo tukarudishiwa mama, na nathubutu kusema Mungu nae akarudishiwa mtu wa kuongea nae.

Na hii sio huruma yangu tu ya mtoto, ndo mafundisho yenyewe. Yule padre aliniambia nikatafute, nikatafuta. Tarehe 24 Februari 1957 Papa Pio XII aliongea na madaktari wa usingizi, walikuwa wamemuuliza maswali kuhusu jambo hili hili, je inaruhusiwa kumtuliza mgonjwa kwa dawa hizo hata kama zinaweza kufupisha siku zake. Akajibu ndiyo, kama hakuna njia nyingine na kama hazimzuii kutimiza wajibu wake wa mwisho wa kidini na wa kibinadamu. Akasema pia Mkristo anaweza kwa hiari yake kuyapokea maumivu, ila sio sheria kwa kila mtu. 1957 hiyo, mama yangu alikuwa mtoto mdogo. Katekisimu ya Kanisa namba 2279 nayo inasema hivyo hivyo, na inaiita huduma ya kutuliza wagonjwa wa mwisho kuwa ni upendo wa pekee usiotafuta faida. Ukienda Kampala, ile hospisi iliyoanza kusambaza mofini ya maji Uganda mwaka 1993 ilianzishwa na Dokta Anne Merriman, Mkatoliki, mama wa Kiingereza ambae ujana wake alikuwa sista mmisionari. Alikuwa anajua Njia ya Msalaba vizuri tu na hakuona aibu kupima dawa kwenye chupa.

Na Papa Yohane Paulo II, ambae watu wanapenda kumtaja kwenye mambo ya mateso, ni kweli aliandika barua nzima juu ya maana ya mateso, tarehe 11 Februari 1984, siku ya Mama wa Lurdi, ambayo baadae aliifanya Siku ya Wagonjwa Duniani. Watu wanaichukua ile barua wanaishia nusu. Mwisho wake inamzungumzia Msamaria Mwema, na anasema Kristo alitufundisha vitu viwili kwa pamoja, kutenda mema kwa mateso yetu na kumtendea mema anayeteseka. Viwili. Na yeye mwenyewe tarehe 13 Mei 1981 alipopigwa risasi pale uwanja wa Mtakatifu Petro walimkimbiza hospitali ya Gemelli wakampasua masaa kadhaa, hakuna kardinali aliyesema mwacheni hapo hapo atolee.

Sasa kabla sijaeleweka vibaya. Sipo pia upande wa wale wanaosema mateso ni laana na mtu akiumwa ana mlango kaufungulia shetani. Hao nao walifika, shangazi mmoja alimleta mtumishi wake, akanyunyiza mafuta nyumba nzima mpaka kwenye king'amuzi, akasema mama kuna kitu cha ukoo hajakiungama. Nilimpa nauli akaondoka. Wale rafiki zake Ayubu siku saba za kwanza walikaa nae chini hawasemi neno, walikuwa vizuri sana, wangeishia hapo tungewaita watakatifu. Walipofungua midomo ndo wakaharibu, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, Ayubu aliyelalamika sura thelathini na kitu hakasirikiwi. Hapo ndo nilipata nguvu ya kuacha kununa nikaanza kulalamika waziwazi, ni afadhali.

Turudi kwa mama, maana nilisema katikati yupo. Padre alisema yatakayobaki yatakutosha, na kweli yalibaki mengi. Mofini inatuliza mfupa, haitulizi aibu. Mwanamke wa Rombo, aliyezaa sita, aliyekuwa anaoga alfajiri kabla jogoo hajawika ili mtu asimwone, sasa anavalishwa pampasi na binti yake. Kulikuwa na harufu, nesi alitufundisha kuweka mkaa kwenye beseni chini ya kitanda na kusaga vidonge vya flajili, ilipungua ila haikuisha, na mama alikuwa akisikia wageni wanabisha hodi ananiambia nifungue madirisha yote. Hayo hayana dawa ya kupima kwa bomba.

Ndo akayapangia siku. Niligundua kwa bahati, nilikuwa namsafisha siku moja nikamuomba msamaha maana nilimgusa vibaya, akasema "Usijali, leo Jumanne, ya mdogo wako." Nikauliza ya mdogo wangu nini? Akaniambia kila siku ina mtu wake. Jumatatu wajukuu. Jumanne kitindamimba wetu, ambae pombe imemchukua, na mama alichagua Jumanne kwa sababu ni siku ya matendo ya uchungu kwenye rozari. Jumatano marehemu baba. Alhamisi mapadre, na yule mzee wa fimbo kwa jina. Ijumaa wale kina mama aliokaa nao benchi la mionzi, kuna waliokuwa wakigawana chapati pale, wengine wakaacha kuja na hakujua kama wamepona au vipi. Nikamuuliza Jumamosi? Akasema Jumamosi ya yule mzee wa jumuiya. Mimi nikaacha kumfuta. Yule yule wa manemane? Akasema "Kuna kitu kinamuuma yule, mtu asiyeumwa hawezi kusema vile." Jumapili je? "Jumapili napumzika. Hata Mungu alipumzika."

Mimi kwa miaka yote nilikuwa nasikia hilo neno kutolea, tolea mateso yako, nikawa nalichukulia kama maneno ya kumnyamazisha mgonjwa. Kumbe kwake ilikuwa kazi. Mtu aliyekuwa analima, anauza ndizi, anapikia watu sita, halafu mwili ukakataa kila kitu, bado alikuwa na cha kutoa na watu wa kuwapa. Alikuwa haoni kwamba amelala tu anasubiri kufa, alikuwa na zamu. Nikaelewa kwanini Katekisimu inasema ugonjwa unaweza kumfanya mtu ajifungie, akate tamaa, hata amwasi Mungu, na pia unaweza kumkomaza. Vyote viwili nilivionja kwenye chumba kimoja, vya kwanza mimi, cha mwisho mama.

Kuna mstari wa Paulo kwa Wakolosai, sura ya kwanza aya ya 24, unaosumbua watu, anasema anatimiliza katika mwili wake yaliyopungua ya mateso ya Kristo. Yamepunguaje? Kwani msalaba haukutosha? Nilimuuliza mama, sikumuuliza padre. Akanikumbusha nilivyokuwa mdogo tukienda mfereji wa juu kuchota maji, yeye kabeba ndoo kichwani na nyingine mkononi, na mimi nang'ang'ania kushika ule mpini wa ya mkononi nae anauachia kidogo. "Maji nilibeba mimi. Ila ulikuwa ukifika nyumbani unamwambia baba yako tumeleta maji, na mimi sikukukatalia." Wanateolojia wanisamehe, mimi nimeridhika na hilo jibu.

Halafu kuna jambo ambalo limeniuma hata zaidi ya mofini, nilitaje haraka maana ni la mtu mwingine. Kwenye chama chetu cha kina mama kuna mwenzetu alikuja na mkono uliovunjwa na mume, mara ya pili. Wakubwa wakamkalisha wakamwambia mwanangu ndoa ni msalaba, vumilia, tolea. Nani kasema? Sheria ya Kanisa, kanuni namba 1153, inasema wazi kwamba mwenzi anayemweka mwenzake au watoto kwenye hatari kubwa ya roho au ya mwili anampa huyo mwenzake sababu halali ya kuondoka, na kama kusubiri ni hatari anaruhusiwa kuondoka mwenyewe bila kungoja barua ya askofu. Papa Fransisko mwaka 2016 akaandika kwamba kutengana wakati mwingine kunakuwa lazima kabisa, ili kumwokoa aliye dhaifu na watoto. Ndoa inabaki ndoa, sawa, ila mkono ni mkono. Na yule mume nae si ana msalaba wake, kwanini hakuna aliyeenda kumkalisha yeye akaambiwa autolee ule mkono wake unaowasha?

Nimekaa na Injili ya Luka nikaona Kiswahili chetu kimetusaidia kuliko tunavyojua. Sura ya tisa Yesu anasema anayetaka kunifuata ajikane mwenyewe, ajitwike msalaba wake kila siku. Ajitwike. Hiyo "ji" sio pambo, ukiitoa neno linageuka. Halafu ukifungua sura ya kumi na moja unakuta neno lile lile limerudi, safari hii anawakemea wanasheria kwamba mnawatwika watu mizigo isiyochukulika na nyie wenyewe hamuigusi hata kwa kidole kimoja. Kujitwika ni habari ya mwanafunzi, kuwatwika wengine ni habari ya wale waliokemewa. Mzee wetu wa jumuiya, kwa upole wake wote na kwa mkono wake wa joto, alikuwa anatwika.

Anayejitwika anafananaje? Tarehe 15 Juni 2025, kule Roma kwenye Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya kuta, kijana wa Goma, Kongo, Floribert Bwana Chui alitangazwa Mwenye Heri. Goma, watu wa Kiswahili kama sisi. Alikuwa anafanya kazi ofisi ya serikali inayokagua bidhaa pale mpakani, akaletewa hela apitishe chakula kilichoharibika, akakataa, akashinikizwa na watu wengine tena, akakataa, Julai 2007 wakamteka wakamuua. Alikuwa na miaka 26. Hakuna mtu aliyemwambia wewe Floribert nenda kafe. Na hakuwa anatafuta kuumia, alikuwa anazuia watu wasiumie, wale ambao wangekula ule uozo na hata hawakujua kwamba kuna mtu kasimama kati yao na sahani. Mimi sadaka nikiiona ina mtu upande wa pili, mtu wa kweli mwenye tumbo, naielewa. Ile ya kuumia tu ili maumivu yawepo siielewi, na simuoni Yesu akiielewa, maana yeye kila alipokutana na mgonjwa kwenye Injili alimponya, sijaona alipomwambia baki hivyo hivyo unapendeza.

Ninachoomba kwa huyo ndugu wa barua ni kidogo. Akitaka kufunga Kwaresima bila chai, afunge. Akiumwa jino asiende kung'oa, atolee, sitamcheka, pengine nitamheshimu. Ila akiingia kwenye chumba cha mgonjwa, yule mwenye khanga yenye matundu, akae kama rafiki zake Ayubu siku saba za kwanza, au ashike beseni, au aulize dawa ya saa nane nani anampa maana binti wa huyo mgonjwa hajalala tangu juzi.

Mama alifariki Agosti 2023, usiku, Ijumaa kuamkia Jumamosi, kwa hiyo sijui alikuwa kwenye zamu ya nani. Chupa ya mofini ilibaki karibu nusu, nikairudisha hospitali, nesi akaipima akaandika kwenye daftari nikasaini. Tukampeleka Rombo tukamzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, pembeni ya baba. Mzee wa jumuiya alisafiri na basi la msiba mpaka kule, akachimba kaburi na vijana kwa umri ule, sikumwambia habari ya Jumamosi zake na sijui kama nitamwambia.

Kitindamimba wetu bado anakunywa. Kuna wiki anatulia tunashukuru, kuna wiki napigiwa simu nikamchukue. Mama aliniachia Jumanne, alisema hizo nyingine ataendelea nazo mwenyewe huko aendako ila ya Jumanne mtu wa huku duniani aishike pia. Naishika. Kuna Jumanne zinanipita na kazi, nakumbuka Jumatano asubuhi kwenye daladala, nakuta ni matendo ya utukufu, nasali ya uchungu hivyo hivyo mpaka Kariakoo.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwana-WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), Kimara, Dar es Salaam